Kulegea kwa Nati na Bolti Katika Magari: Sababu Zake na Tiba Yake

Mtambile ni mji mdogo wa Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, kandokando ya barabara kuu itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake. Hapo ndipo ichepukapo njia iendayo Kengeja na Mwambe. Gari la abiria linapofika njia panda hiyo huwa limesheheni watu ndani na mizigo juu ya keria: magunia, mikungu ya ndizi, baiskeli. Aghalabu hufika pia na mlio. Kitu fulani chini ya bodi hugonga, hutulia, kisha hugonga tena.

Mazungumzo yafuatayo yanaweza kusikika katika gereji yoyote ya kisiwa hicho.

"Shikamoo, fundi. Kuna kitu kinalia huku mbele. Kaza tu hizo nati, abiria wananingoja."

"Marahaba, mwanangu. Nitaikaza. Lakini nati hii hii niliikaza juma lililopita."

"Basi tia washa mbili."

Katika maneno hayo machache limo swali kubwa la uhandisi. Kwa nini nati iliyokazwa kwa nguvu za mtu mzima hulegea baada ya siku chache? Na je, washa ya pili itasaidia? Jambo hili si la mzaha. Kipande kinacholia huenda kikawa kishikio cha honi, na hasara yake ikawa kelele tu. Huenda pia kikawa kiungo cha usukani au nati ya gurudumu, na hapo hasara yake ni maisha ya watu. Kwa masikio ya abiria, milio hiyo miwili yaweza kufanana kabisa.

GARI LA MICHEZO NA GARI LA SHAMBA

Tatizo la vipande vidogo kulegea hujulikana sana kwa wenye magari ya michezo, yale magari mepesi ya kwenda kasi. Springi zake hufanywa ngumu ili gari lisiyumbe katika kona; kwa hiyo kila mshtuko wa barabara hupanda moja kwa moja hadi bodini. Injini yake nayo huzunguka kwa kasi kubwa. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hufanya mizunguko 100 kila sekunde, na kila mzunguko hutikisa vyuma vilivyofungwa juu yake. Ndiyo maana vishikio vya taa, vibano vya mipira ya maji, ngao za joto za bomba la moshi na skurubu za dashibodi huanza kulia mapema katika magari ya namna hiyo.

Afrika Mashariki imewahi kuyaona magari hayo yakijaribiwa kwa ukali. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliyapitisha magari katika maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa gari aina ya Datsun 240Z, gari la michezo la milango 2 na injini ya silinda 6. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Katika mashindano kama hayo, kazi ya mafundi kituoni si kutia mafuta na kubadili magurudumu tu. Hapana budi wazipitie nati na bolti pia, maana mbio nzima yaweza kupotea kwa sababu ya nati moja.

Gari la abiria la Pemba si gari la michezo, lakini yana jambo moja la kufanana. Gari la mizigo lililogeuzwa kuwa la abiria lina springi za mabapa zilizo ngumu, zilizokusudiwa kubeba uzito. Linaporudi tupu katika njia yenye mashimo ya masika, hurukaruka na kutikisa kila kilichofungwa. Kwa hiyo elimu iliyopatikana kwa magari ya mbio yafaa vile vile kwa fundi wa Mtambile.

BOLTI NI SPRINGI

Watu wengi hudhani kwamba nati hushika kwa sababu imezungushwa hadi mwisho. Hivyo sivyo. Nati hushika kwa sababu bolti imevutwa ikarefuka.

Hesi ya bolti, yaani ule mtaro unaozunguka mwili wake, ni kama njia ya kupanda mlima iliyoviringishwa kwenye mhimili. Nati inapozungushwa huipanda njia hiyo hadi ikutane na kipande kinachofungwa. Kuanzia hapo, kila nyongeza ya mzunguko huivuta bolti. Bolti hurefuka kidogo kama mpira, na kwa kuwa hutaka kurudi katika urefu wake wa asili, huvibana vipande vilivyo kati ya kichwa chake na nati. Nguvu hiyo ya kubana na iitwe mbano.

Hebu tutazame bolti ya kawaida ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 10, daraja la 8.8, inayofunga vipande vyenye unene wa jumla wa milimita 50. Ikikazwa vyema, mbano wake hufikia takriban newtoni 25,000, sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Lakini kurefuka kwake ni kama milimita 0.1 tu, unene ambao haupiti ule wa rangi ya gari. Tani mbili na nusu zimehifadhiwa katika urefu wa tabaka la rangi.

Kadhalika, bolti ya kipimo hicho kwa kawaida hupanda milimita 1.5 kwa kila mzunguko mzima wa nati. Kwa hesabu nyepesi, milimita 0.1 ni sehemu ya 15 ya mzunguko. Maana yake ni kwamba nati ikirudi nyuma hatua ndogo sana, ambayo jicho lisilo na alama ya kulinganisha haliwezi kuiona, sehemu kubwa ya mbano huwa imekwisha.

HATUA MBILI ZA KULEGEA

Kulegea hutokea kwa hatua mbili, na fundi anayezichanganya hutibu ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya kwanza ni kupotea kwa mbano bila ya nati kuzunguka hata kidogo. Nyuso za chuma, hata zikionekana laini, zina vilima na mabonde madogo mno. Mshtuko wa barabara huviponda vilima hivyo. Kukiwa na rangi, kutu, mchanga, mpira au plastiki chini ya nati, kupondeka huwa kukubwa zaidi. Bolti iliyorefuka milimita 0.1 ikipoteza milimita 0.03 kwa kupondeka huko, imepoteza takriban theluthi ya mbano wake.

Hapa ndipo inapoonekana siri ya vipande vidogo. Bolti inayofunga bati jembamba huwa fupi. Ikiwa sehemu inayovutwa ni milimita 10 badala ya 50, basi kurefuka kwake nako ni moja ya tano, yaani milimita 0.02 tu. Tabaka jembamba la rangi likipondeka kiasi hicho, hakuna mbano unaobaki. Kwa hiyo kishikio cha taa au madigadi hulegea mapema kuliko kichwa cha injini, si kwa sababu fundi alikifanyia uvivu, bali kwa sababu bolti yake ni fupi mno kuweza kufidia kupondeka huko.

Hatua ya pili ni kuzunguka kwa nati yenyewe. Kwa kawaida msuguano huizuia isirudi. Mwinamo wa hesi ya bolti ya milimita 10 ni kama digrii 3 tu, na chuma juu ya chuma hakiteleze katika mwinamo mdogo kiasi hicho. Kinachobadili mambo ni mtikiso wa upande kwa upande. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alieleza jambo hili kwa majaribio yake: mtikiso unaokwenda ubavuni mwa bolti ndio unaoilegeza nati vibaya zaidi kuliko ule unaokwenda sambamba na urefu wake.

Sababu yake yaweza kufahamika kwa mfano wa gunia la karafuu lililowekwa juu ya ubao ulioinama kidogo. Gunia halishuki, kwa kuwa msuguano unalizuia. Lakini mtu akilisukuma gunia hilo ubavuni, kushoto na kulia, litaanza kushuka lenyewe kidogo kidogo kila linaposogezwa, ijapokuwa hakuna aliyelivuta kwenda chini. Msuguano umekwisha tumika katika kupinga ule msukumo wa ubavuni, na mwinamo mdogo umepata nafasi. Vivyo hivyo vipande viwili vinapoteleza ubavuni chini ya nati, nati hushuka ngazi ya hesi yake.

Hatua hizi mbili zinafuatana. Maadamu mbano ni mkubwa, vipande haviwezi kuteleza, na nati haiwezi kuzunguka. Mbano ukipungua, utelezi huanza; utelezi ukianza, nati huzunguka; nati ikizunguka, mbano hupungua zaidi. Kwa hiyo tiba ya msingi ni moja: kuupata mbano wa kutosha na kuulinda.

WASHA YA SPRINGI

Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa kidogo, imeaminiwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo dawa ya kulegea. Imani hiyo haina msingi imara. Washa hiyo hulazwa bapa kwa kani ndogo sana ukilinganisha na mbano wa bolti iliyokazwa vyema. Ikishalala bapa, kazi yake haizidi ya washa ya kawaida. Kitabu cha mwongozo wa vifungio kilichotolewa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1990, kimelieleza jambo hilo bila kificho. Kuongeza washa ya pili huongeza nyuso za kupondeka, na hivyo huenda kukazidisha ugonjwa.

Washa bapa iliyo ngumu ina faida yake: hutandaza mbano juu ya eneo kubwa zaidi, hasa juu ya bati jembamba au aluminiamu, ili nati isizame.

JINSI YA KUTAMBUA KIPANDE KILICHOLEGEA

Kabla ya kushika spana, fundi hana budi kusikiliza, kutazama na kugusa.

Kusikiliza. Gari lisimame, injini iwashwe, na kasi ya injini ipandishwe polepole. Mlio unaotokea katika kasi fulani ya injini hata gari likiwa limesimama hutoka kwenye injini, bomba la moshi au kitu kilichofungwa juu yake. Mlio unaotokea kwenye mashimo tu huelekeza kwenye springi, shokapu, keria au bodi. Mlio unaoongezeka kadiri magurudumu yanavyozunguka kwa kasi huelekeza kwenye magurudumu na mihimili yake. Mlio wa wakati wa kupinda kona au kufunga breki huelekeza kwenye viungo vya usukani na breki. Gari lenye mlio huo lisibebe abiria mpaka lichunguzwe.

Kutazama. Bolti inayoteleza huacha ushahidi. Unga mwekundu wa kutu kandokando ya nati, duara la chuma kinachong'aa mahali palipokuwa na rangi, au ufa katika vumbi lililoganda, zote ni dalili kwamba vipande vinasuguana.

Kugusa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, na magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa vigingi, kila kipande kishikwe na kutikiswa ubavuni, si mbele na nyuma tu. Kipande kilichofungwa vyema hakisogei.

Baada ya kukaza, mstari mwembamba wa rangi uchorwe kutoka kwenye nati hadi kwenye kipande kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mstari ukibaki mzima lakini kipande kikalegea, basi tatizo ni kupondeka, na kukaza peke yake hakutatosha. Alama hiyo isiyo na gharama humtofautishia fundi hatua ya kwanza na ya pili.

TIBA

Kwanza, nati ifunguliwe na nyuso zisafishwe. Rangi iliyo chini ya nati iondolewe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, na hesi itazamwe. Bolti ambayo hesi yake imeliwa au mwili wake umevutika itupwe. Kisiwani, ambako hewa ina chumvi ya bahari, aluminiamu iliyogusana na chuma huliwa haraka. Baada ya kufunga, sehemu iliyoachwa wazi ipakwe rangi au grisi kwa nje.

Pili, ikazwe kwa kipimo. Sehemu kubwa ya nguvu ya spana, takriban tisa kwa kumi, humalizwa na msuguano chini ya nati na katika hesi. Ni sehemu moja tu ya kumi inayoivuta bolti. Kwa sababu hiyo mkono huweza kudanganyika. Hesi yenye kutu huhisi imekazwa kumbe haijavutwa, na hesi iliyotiwa oili huvutwa kupita kiasi kwa nguvu ile ile. Bolti ndogo za milimita 6 huhitaji kama newtonimita 10 tu, na spana ndefu huzikata kwa urahisi.

Nati za magurudumu ya magari mengi madogo huhitaji takriban newtonimita 100. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha gari lenyewe, na hicho ndicho kifuatwe. Asiye na spana yenye kipimo aweza kutumia mzani wa kuning'iniza, kama ule wa kupimia samaki. Ndoano yake itiwe kwenye mpini wa spana, nusu mita kutoka katikati ya nati, kisha mzani uvutwe kwa pembe mraba na mpini hadi usome kilo 20. Hiyo ni karibu newtonimita 100. Nati za gurudumu zikazwe kwa kukabiliana, si kwa kufuata duara. Hesi zake zisitiwe oili, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya kwenda na kurudi baina ya Mkoani na Chake Chake inafaa kwa kipimo hicho.

Tatu, palipo na bolti fupi au bati jembamba pasipoweza kupata mbano wa kutosha, kitumike kizuizi kinachofaa mahali hapo:

(a) Nati yenye pete ya nailoni hufaa kwa bodi na vishikio, lakini si kwa bomba la moshi, kwani nailoni hupoteza nguvu joto likipita kiasi cha digrii 120. Pete ikichakaa, nati ibadilishwe.

(b) Gundi ya hesi, ambayo aina yake maarufu iliuzwa kwanza kwa jina la Loctite na kubuniwa na Vernon Krieble mwaka 1953, hukauka inapokosa hewa ikiwa imegusana na chuma. Daraja la kati huweza kufunguliwa tena kwa spana. Isitumike kwenye nati za magurudumu, wala isimwagikie plastiki, kwa kuwa baadhi ya plastiki hupasuka.

(c) Nati yenye meno na pini ya kupitisha katikati hutumika katika viungo vya usukani. Pini iliyotolewa isirudishwe, bali itiwe mpya. Msumari au waya si badala yake.

(d) Bomba la urefu mdogo likivishwa kwenye bolti ndefu zaidi huongeza sehemu inayovutwa. Kwa kuwa bolti ndefu hurefuka zaidi kwa mbano ule ule, hustahimili kupondeka. Hii ni tiba ya kisayansi ambayo fundi aweza kuitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba la chuma.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Wanafunzi wa skuli waweza kuuthibitisha ukweli huu kwa bolti mbili zinazofanana, nati zake, na vibati vya chuma vyenye tundu. Bolti ya kwanza ifunge vibati viwili vitupu. Ya pili ifunge vibati viwili vyenye kipande cha kadibodi katikati. Zote mbili zikazwe kwa mzani wa kuning'iniza hadi kipimo kimoja, kisha zichorwe mstari wa rangi na kuachwa hadi kesho yake.

Siku ya pili kila nati ikazwe tena kwa kipimo kile kile, na mistari itazamwe. Nati ya vibati vitupu itasogea kidogo sana au isisogee kabisa. Nati ya kadibodi itazunguka zaidi kabla ya kufikia kipimo, ingawa usiku kucha mstari wake ulikuwa mzima. Wanafunzi na waulizwe: ikiwa nati haikuzunguka, mbano ulikwenda wapi?

HITIMISHO

Fundi wa Mtambile aliyeombwa kutia washa mbili alikuwa na haki ya kusita. Akiifungua nati ile, akaikwangua rangi iliyo chini yake, akaweka bolti ndefu zaidi yenye kipande cha bomba, akaikaza kwa kipimo na kuichora mstari mweupe, abiria watakuwa wamengoja kwa dakika chache zaidi. Lakini utingo aweza kila asubuhi, kabla ya gari kuondoka, kuinama na tochi na kuukagua mstari huo. Ukiwa mzima na kipande hakisogei, gari liende. Ukiwa umekatika, lisiende.